Namba Sita, Usimpe Mtu Yeyote

Najua wengine mmetoka kazi ya usiku na hamjalala. Sitawachelewesha.

Leo naanza na aibu yangu. Mwaka jana, Jumapili jioni, niliandikiwa WhatsApp kutoka namba ya shangazi yangu aliyebaki kambini Nyarugusu. Picha ilikuwa yake. "Mwanangu, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nitumie haraka." Kweli, zilikuwa zimeingia kwenye meseji. Nikazituma, mimi ninayewafundisha ninyi. Muda si mrefu simu yangu ikanitoa kwenye WhatsApp.

Aliyeandika alikuwa mwizi. Alishaiba akaunti ya shangazi, sasa akachukua na yangu. Namba zile sita hutumwa mtu anapotaka kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Ndizo ufunguo wa mlango.

Niliona haya, nikanyamaza. Kesho yake mwizi akawaandikia watu wa ukoo kwa jina langu kwamba mtoto wangu yuko hospitali. Mama mmoja, jamaa yetu anayefanya usafi hotelini, akatuma dola 200. Hakuuliza, kwa kuwa ni mimi nimeomba. Kambini tuliishi kwa kuaminiana hivyo: leo unanikopesha unga, kesho nakurudishia. Mwizi alijua kututumia hapo hapo.

Sasa toeni simu, tufanye pamoja.

Kwanza, namba sita za meseji hapewi mtu, hata mama mzazi, hata mimi. Ofisi yetu haitakuomba kamwe.

Pili, kwenye WhatsApp fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka namba yako ya siri. Mwizi akipata zile za meseji, atakwama hapa. Usiweke tarehe ya kuzaliwa. Karatasi za wengi wetu zinasema 1 Januari, na mwizi anaweza kulijua hilo.

Tatu, ndugu akiomba pesa kwa ujumbe, mpigie kwanza. Muulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua.

Nne, picha ya kadi ya Social Security au ya I-94 usiitume kwenye kikundi, hata kama unataka tu kuuliza maana yake. Ilete ofisini, tuisome pamoja. Na mtu akikupigia akisema ni serikali, anataka umlipe kwa kadi za zawadi za dukani, kata simu. Hakuna ofisi ya serikali ya Marekani inayolipwa hivyo.

Ukishaibiwa, ingia tena WhatsApp kwa namba yako ya simu. Ukiweka namba sita mpya utakazotumiwa, mwizi anatolewa. Papo hapo wapigie watu wako uwaambie. Ningefanya hivyo Jumapili ile ile, yule mama asingepoteza hata senti.

Dola zake nimemrudishia. Siku hizi nikimwandikia jambo la pesa, hunipigia na kuniuliza jina la mbuzi wetu wa zamani. Sikasiriki. Namjibu, tunacheka, ndipo tunaongea.

Asiyeweza kufungua Mipangilio, asiondoke; nipo hapa.