Kasi ya Kilomita za Mwanzo: Maneno kwa Kamati za Maji, Bunda

Nilipanda basi kutoka Musoma hadi Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon. Kilomita 10 za kwanza nilikimbia kama kijana. Kufika ya 30 miguu ikagoma, nikatembea. Hata Juma Ikangaa wetu, Boston 1990, alitangulia kwa kasi mno, Gelindo Bordin wa Italia akampita, akawa wa pili kwa mwaka wa tatu mfululizo. (Yeye bingwa, mimi mratibu mwenye kitambi!)

Sasa wenzetu wa Butiama wanaomba fedha zote za visima robo hii. Mwaka jana hapa Bunda niliidhinisha hivyo mwenyewe. Pampu ilipoharibika hatukuwa na senti ya vipuri, akina mama wakarudi ziwani. Safari hii nimekataa; tutatoa kwa awamu nne.