Springi Nilizozikata kwa Msumeno



Katibu aliniomba niseme juu ya kazi yangu ya ufundi wa magari. Nimeona afadhali niseme juu ya kosa langu, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Mwaka 1999 nilinunua gari langu la kwanza, Toyota Corolla ya mwaka 1982. Siku zile sisi vijana tulikuwa tumeona picha za magari yaliyoshushwa mpaka tumbo linakaribia lami, nasi tukayatamani. Springi za kushushia zilizotengenezwa kiwandani zilikuwa ghali, wala sikujua pa kuzipata. Basi nikachukua msumeno wa chuma, nikakata mizunguko miwili ya kila springi ya nyuma. Fizikia nilifaulu katika shule hii hii, lakini siku ile sikuiuliza neno.

Wadogo zangu, tuiulize leo. Mnaijua kanuni ya Robert Hooke, aliyoitangaza mwaka 1678: mzigo ukiongezeka mara mbili, springi nayo hubonyea mara mbili, maadamu haijapita kikomo chake. Sasa chukua springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi. Tuseme mzigo wa gari unaibonyeza sentimita 12, yaani sentimita 1.5 kila mzunguko. Ukikata miwili, inabaki 6, na mzigo ule ule utaibonyeza sentimita 9 tu. Kumbe springi iliyokatwa imekuwa ngumu zaidi! Shokapu ya zamani haiwezi kuituliza, na kwa kuwa gari liko chini, kila shimo ekseli inagonga bodi.

Hayo ni maumivu ya mgongo tu. Hatari yenyewe iko upande wa pili. Gari likiruka tuta, ekseli ya nyuma huning'inia. Springi nzima hurefuka, ikabaki imebanwa kati ya vikalio vyake viwili. Springi fupi haifiki. Hulegea, na gari likitua vibaya, springi huchomoka mahali pake.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Jumapili moja nilikuwa nateremka njia ya vumbi kutoka barabara kuu ya hapa Nyegezi kuelekea ziwani, na mwenzangu wa darasa amekaa kushoto kwangu. Nikaruka tuta kwa mwendo wa majisifu. Nikasikia mlio wa chuma, gari likalala upande mmoja nyuma, likazunguka, likagonga jiwe. Na mawe ya Mwanza mnayajua, hayampishi mtu. Mimi nilitoka na mchubuko. Mwenzangu alivunjika mguu, akalazwa Bugando wiki nyingi, na mpaka leo anachechemea. Wakubwa mnakumbuka kwamba alikuwa winga wetu wa kulia.

Nilipoulizwa, nilisema breki zilikatika. Wazazi wake walinipa pole. Yeye alijua ukweli, maana ndiye aliyenishikia springi wakati naikata, lakini hakunisema kwa mtu. Ndugu zangu, breki zilikuwa nzima.

Baada ya hapo nilikwenda kujifunza ufundi kwa adabu. Leo kijana akiniletea gari la zamani akitaka lishushwe, simfukuzi. Gari likishuka kidogo kwa utaratibu hutulia zaidi kwenye kona, maana uzito wake umekaribia ardhi. Lakini namwambia masharti. Anunue springi zilizotengenezwa kwa gari lile, na shokapu zinazolingana nazo. Bushi zilizochoka zibadilishwe kwanza. Springi ya mbele ibanwe kwa kibano chake kabla ya kufungua nati ya juu, maana ikiruka inaweza kuua. Asiipashe moto kwa gesi ili ilale, kwa sababu chuma cha springi kilipewa nguvu yake kwa moto wa kipimo, na moto wa ovyo huiondoa. Mwisho, magurudumu yapimwe upya.

Kisha namuuliza: unapita njia gani? Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na miaka miwili ya katikati dereva alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Gari lile lilisifiwa kwa springi zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, zilizovumilia matope na makorongo. Anayepita njia za namna hiyo kila siku, namshauri aliache gari lake lilivyo.

Wadogo zangu, mnayoandika kwenye daftari la fizikia si ya mtihani tu. Siku moja mtu atakaa kushoto kwako, akiamini kwamba uliyasoma.

Nawe mwenzangu, uliyekaa safu ya nyuma pale karibu na mlango, nilikuja nyumbani kwako mara nyingi na zawadi, lakini neno lenyewe sikulisema. Leo nalisema mbele ya watu wote walioamini habari za breki. Nisamehe, ndugu yangu.