Mama wa Nipomo

Leo tuzungumze juu ya picha ya zamani ya mama na watoto wake, iliyopigwa kambini. Si kambi ya huku kwetu. Ni Nipomo, California, nchini Marekani, Machi 1936. Wavunaji wa njegere walikuwa wamekwama pale: baridi imeharibu mazao, kazi hakuna.

Mpiga picha Dorothea Lange, aliyekuwa akifanya kazi ya serikali, alimkuta mama huyo chini ya turubai. Lakini katika picha huoni turubai sana. Unamwona mama wa miaka 32, vidole vimegusa shavu, macho yanatazama mbali. Watoto wawili wamemwegemea, mmoja bega hili, mwingine lile, wamegeuza nyuso tusizione. Kichanga kimelala mapajani. Hakuna anayelia, hakuna anayecheka. Wewe uliyebeba mtoto njiani siku nyingi, unaujua uzito wa kichwa chake begani pako.

Picha ikatoka gazetini, serikali ikapeleka kambini kiasi cha tani 9 za chakula. Yule mama na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka! Picha ikaenea duniani, yeye akabaki bila jina, maana Lange hakumuuliza. Ni mwaka 1978 tu watu walipojua kuwa ni Florence Owens Thompson. Alisema picha ile haikumpa hata senti moja, na kwamba heri isingepigwa. Mimi namwelewa.

Basi mgeni akija na kamera au simu mlangoni pako, muulize: picha ni ya nini? Itaonekana wapi? Unaweza kukubali, unaweza kukataa. Na ukikubali, sema kama jina lako liandikwe au lifichwe, kwa sababu wengine wetu tumekimbia watu wanaotutafuta.

Je, ile picha ya mama yako uliyokuja nayo, iko wapi? Ifunge kwenye plastiki kavu, uiweke juu, mbali na sakafu, masika haya. Nyuma yake andika kwa penseli, taratibu: jina la mama, jina la mtoto, kijiji, mwaka. Karatasi ikikataa penseli, andika kwenye kipande kingine ukiweke pamoja nayo. Kama hujui kuandika, mwite mwanao anayesoma, umtajie yeye aandike.

Tukutane kipindi kijacho. Kwaheri.