Chunusi za Watu Wazima na Makopo ya Sokoni

(Hotuba iliyosomwa na mwuguzi mwanachama mbele ya wanachama wa matawi ya Migori na Homa Bay. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu siku ile.)



Iliposomwa katika ajenda kwamba nitazungumza juu ya chunusi, nilisikia kicheko kule nyuma. Sikuona vibaya. Chamani tumezoea habari za mishahara, saa za ziada na nyumba za wafanya kazi, na mtu akisimama kusema juu ya vipele vya uso huonekana ameacha mambo ya kazi akaingia katika mambo ya urembo. Lakini shauri hili lilitufikia kwa mlango wa malalamiko, na ndiyo sababu nimepewa nafasi hii.

Dada mmoja, mwanachama mwenzetu mwenye umri wa miaka 33, alikuwa akihudumu mezani katika hoteli. Uso wake ukatoka vipele vikubwa vyenye maumivu, vingi vikiwa kidevuni na kwenye taya. Mwajiri akamwambia kwamba wageni hawapendi kupewa chakula na mtu mwenye uso wa namna ile, akamwondoa mezani na kumpeleka nyuma kuosha vyombo. Huko nyuma hakuna bakshishi, kwa hivyo mapato yake yakapungua. Hakuja chamani, wala hakwenda hospitali. Alikwenda sokoni akanunua kopo la krimu ya kuchanganywa. Majuma matatu uso uling'aa, akarudishwa mezani, naye akamshukuru Mungu na mwenye duka.

Alipokuja kwangu ilikuwa mwezi wa tano. Ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, vimishipa vyekundu vyaonekana, na chunusi zimerudi maradufu. Akiacha krimu siku mbili, uso wawaka moto kama uliomwagiwa pilipili, na akiipaka tena watulia. Ndipo akaniambia, "Dada, nimefungwa na kopo."

Basi tuanze na chunusi zenyewe. Katika ngozi mna tezi ndogo zinazotoa mafuta, na kila moja ina kitundu chake cha kutokea. Tezi hizo huamriwa na homoni, yaani vichocheo ambavyo mwili wenyewe hutengeneza na kuvipeleka kwa damu. Vile ambavyo watu huviita vya kiume vimo katika mwili wa mwanamke pia, ila kwa kiasi kidogo. Vikiongeza mafuta, na kitundu kikizibwa na ngozi iliyokufa, vijidudu vinavyoishi pale siku zote hupata mahali pa kustawi. Ngozi huvimba, hupata joto, hutunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi. Si uchafu, wala si damu mbaya. Na yule aliyesema kwamba mwanamke hutoka chunusi kwa kukosa mume, nimewatibu wake wengi wenye waume zao.

Kuna uvumi mwingine ambao huumiza zaidi, na katika Homa Bay twaujua sana. Uso wa mtu mzima ukitoka vipele, majirani huanza kunong'ona juu ya virusi vya Ukimwi. Ni kweli kwamba virusi hivyo vyaweza kuleta vipele vya ngozi, lakini vile huwasha mno na hutokea zaidi mikononi na miguuni. Mwenye shaka apimwe, kipimo ni bure katika hospitali za serikali. Lakini asipimwe kwa macho ya jirani.

Chunusi za mtu aliyepita miaka 25 huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Hupenda sehemu ya chini ya uso, na huzidi siku chache kabla ya siku za mwezi. (Wanaume msitazame chini, nyinyi mna wake na binti.) Ikiwa siku za mwezi hukawia au hupotea, na nywele zaota kidevuni kama za mwanamume, au mimba yakawia kushika, mwambie mganga wa hospitali yote hayo pamoja, usimwonyeshe chunusi tu. Huenda ni ugonjwa wa ovari wenye matibabu yake.

Tena kuna dawa zinazochochea chunusi. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi huweza kuzizidisha kwa baadhi ya wanawake, ilhali vidonge vyenye homoni mbili huweza kuzipunguza. Sisemi mtu akatoe kijiti chake kesho! Aende kliniki aulize kama njia nyingine yamfaa, kwa sababu vidonge hivyo navyo havimfai kila mtu, hasa mwenye shinikizo la damu au mwenye miaka zaidi ya 35 avutaye sigara. Na mwenye kutumia dawa za kifua kikuu akitoka vipele asithubutu kuziacha. Arudi kwa aliyempa. Mafuta mazito ya nywele huziba vitundu vya paji la uso, na mafuta ya mitambo hufanya hivyo mikononi na mapajani mwa mafundi wa gereji. Ovaroli iliyolowa oili ivuliwe na kufuliwa.

Sasa nije kwenye makopo. Kwa ngozi yetu nyeusi chunusi hupona lakini huacha alama nyeusi, na alama hiyo hukaa miezi, mara nyingine mwaka. Huyu dada alikuwa akitafuta dawa ya alama kama vile alivyokuwa akitafuta dawa ya chunusi, na mwenye duka alijua. Krimu za kuchanganywa mara nyingi huwa na steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa za kweli, hospitali hutumia, lakini kwa ugonjwa maalumu na kwa siku za kuhesabu. Zikipakwa usoni kila siku hutuliza uvimbe upesi na kupausha ngozi, kwa hivyo mtu hudhani amepona. Baadaye ngozi huwa nyembamba, huota chunusi za steroidi zenyewe, na ukiacha hulipuka. Aliyekwisha kuzizoea asiendelee kwa hofu wala asikae peke yake; aje tumtoe kwa utaratibu.

Nyingine zina zebaki. Hapa watu wa Nyatike hawahitaji somo. Mmewaona wachimba dhahabu wa Macalder na Osiri wakimimina zebaki katika karai, ikaishika dhahabu, wakaikamua kwa kitambaa na kuichoma. Twawaonya kila siku wasivute moshi ule. Basi kitu kile kile chatiwa katika krimu na sabuni, na mtu akipaka usoni chapita katika ngozi hadi kwenye figo.

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Kati yao 32 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 2001 ikachapishwa taarifa ya wataalamu wa Kijapani, pamoja na Daktari Masazumi Harada, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewatibu watu wa Minamata waliodhurika kwa zebaki iliyotupwa baharini na kiwanda. Walikuwa wakichunguza zebaki katika nchi za Ziwa letu kwa kupima nywele za watu, wakiwafikiria wachimba dhahabu na wavuvi. Huku Kenya wakakuta zebaki nyingi mno katika nywele za watu wasiochimba chochote. Walipouliza, ikatokea ni sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotoka Ulaya. Kumbe watu walitazama mgodini, na sumu iko bafuni!

Serikali ilikataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni tangu 1998. Lakini katazo liko katika karatasi na kopo liko sokoni. Kwa hivyo jilindeni wenyewe. Ukiona kopo halina jina la aliyetengeneza wala orodha ya vilivyomo, liache. Ukiona neno mercury au calomel, au herufi Hg, liache. Na ukisoma maagizo yasemayo krimu isiguse dhahabu wala fedha, vua pete kwanza, basi umekwisha kuambiwa kilichomo. Mchimba dhahabu yeyote atakueleza kwa nini.

Mtanijibu, "Umetukataza, sasa tutumie nini?" Swali ni la haki.

Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na maji ya kawaida, bila kusugua kwa jiwe wala dodoki. Ndimu, dawa ya meno na sabuni ya kufulia ni za kazi nyingine. Usikamue, kwani ukucha ndio unaoleta zile alama. Dukani kwa mfamasia aliyesajiliwa uliza jeli ya benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5. Paka kidogo, siku moja wacha moja mwanzoni, kwa sababu hukausha. Nayo hupausha nguo, kwa hivyo usiipake ukiwa umevaa sare ya kazi ukaja kukatwa mshahara kwa shati. Usiku yaweza kuongezwa krimu ya adapalini, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, lakini si kwa mwenye mimba wala anayeitafuta. Mwenye mimba hupewa asidi ya azelaiki, nayo husaidia hata alama nyeusi.

Zikiwa nyingi na kubwa, mganga huongeza kidonge cha doksisaiklini kwa muda wa miezi mitatu hivi, pamoja na ile jeli, ili vijidudu visizoee dawa. Kinywe kwa gilasi nzima ya maji, nawe umekaa wima, kwani kikikwama huchoma koo. Mwenye mimba hapewi. Na kidonge hicho hufanya jua liunguze zaidi, kwa hivyo wakata miwa wa Awendo na akina mama wa samaki pale ufukoni wavae kofia pana. Jua huzidisha alama pia.

Kwa wanawake ambao chunusi zao hufuata homoni kuna kidonge kiitwacho spironolaktoni, ambacho wengi mwakijua kama dawa ya moyo na ya kupunguza maji mwilini. Mwaka 2023 ilichapishwa Uingereza habari ya wanawake 410, karibu nusu wakipewa dawa hiyo na wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walipata nafuu zaidi, na tofauti ilionekana vizuri zaidi mwezi wa sita kuliko mwezi wa tatu. Nayo ni kwa maagizo ya daktari tu, na si kwa mwenye mimba. Chunusi zinazochimba makovu zipelekwe mapema kwa daktari wa ngozi, kwani iko dawa yenye nguvu, isotretinoini, ambayo huharibu mtoto tumboni, na kwa hivyo haitolewi ovyo.

Mmesikia nilivyotaja miezi. Kopo la sokoni hushinda kwa sababu hutoa jibu kwa juma moja. Dawa ya kweli huanza kuonekana baada ya majuma nane hadi kumi na mawili, na wengi huiacha juma la tatu wakisema ni ya bure. Nami niliiacha juma la tatu, nikiwa na miaka 30 na sare ya uuguzi mwilini, kwa hivyo sicheki mtu.

Nimalizie kwa yule mwajiri. Chunusi haziambukizi, wala haziingii katika chakula. Jipu au kidonda chenye usaha mkononi ni jambo jingine, na hapo mpishi apumzike kwa haki. Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa hali ya afya yake, na Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha mganga. Ukiambiwa uondoke mbele ya wageni kwa sababu ya uso, omba neno hilo kwa maandishi, kisha ulete kwa katibu siku hiyo hiyo, kabla hujapita sokoni.

Katibu aliandika barua, na yule dada yuko mezani. Ngozi yake yarudi polepole. Bakshishi alizozikosa hazijalipwa, na shauri bado liko kwa mwajiri.

Swali kutoka kwa mwanachama wa Awendo: Mimi ni mwanamume. Nikinyoa natoka vipele shingoni. Je, ni chunusi?

Jibu: La, ndugu. Ni nywele za mviringo zinazorudi ndani ya ngozi baada ya kukatwa karibu mno. Tumia mashine inayoacha ndevu fupi badala ya wembe, usivute ngozi unaponyoa, na ukiweza ziache ziote mwezi mmoja. Na msimamizi akikataza ndevu, njoo na cheti, tutakuandikia.