Lansi Koplo katika Msitu wa Borneo

Leo someni pamoja nami habari za askari mmoja, Rambahadur Limbu. Alikuwa Mgurkha, mtu wa milima ya Nepal, akitumikia jeshi la Uingereza. Cheo chake kilikuwa kidogo: lansi koplo, utepe mmoja tu mkononi.

Mwaka 1963 Sarawak, iliyo katika kisiwa cha Borneo, iliingia katika nchi mpya ya Malaysia. Indonesia haikukubali, na mapigano ya mpakani yakaendelea mpaka 1966. Msitu wa huko si kichaka cha kuwindia kanga. Wazee wetu wa KAR waliokwenda Burma mwaka 1944 waliujua msitu wa namna hiyo: adui yu hatua kumi nawe, wala humwoni.

Tarehe 21 Novemba 1965, karibu na mpaka, upande wa Bau, kombania yake ilikuta adui wamechimba mahandaki juu ya kilima. Limbu alitangulia kunyata pamoja na wenzake wa bunduki ya Bren. Walipobakiza hatua kumi hivi, mlinzi wa adui akawaona. Akapiga bombomu, akamjeruhi askari aliyekuwa kulia kwa Limbu. Limbu akamrukia, akamwua, akalishika handaki lile peke yake.

Angeweza kukaa humo. Lakini humo hakuweza kuisaidia platuni yake, basi akatoka, akawaongoza watu wake mahali pazuri zaidi pa kupigia. Alimpigia kelele mkubwa wake, akapunga mikono. Kishindo cha mabomu kikameza sauti. Akaenda mwenyewe kumwambia, katikati ya risasi za adui na za wenzake pia.

Hapo akaona wenzake wawili wameanguka, wameumia vibaya.

Akaanza kutambaa. Kwa dakika tatu alitambaa mbele ya bombomu mbili za adui. Alipokaribia kumgusa wa kwanza, risasi zilimrudisha. Akatambaa tena, kisha akatambua jambo: ardhi ile haina pa kujificha, mbio ndizo zitakazomficha. Akainuka, akakimbia, akajitupa kando ya majeruhi. Akaita bunduki zilizokuwa kulia zimsaidie, akambeba, akamtoa. Kisha akarudi kwa wa pili. Risasi zilichimba udongo pande zote, akalala, akakimbia, akalala tena, mpaka naye akamleta.

Kazi hiyo ilichukua dakika 20. Ndipo akaiokota Bren iliyoachwa, akaendelea kupigana. Vita vya saa moja viliua adui wasiopungua 24, na Wagurkha watatu.

Julai 1966 alikwenda London kupokea nishani ya Victoria Cross kwa Malkia. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki mapema mwaka ule. Aliyefuatana naye ni mwanawe wa miaka mitano. Limbu mwenyewe alifariki mwaka 2023.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni mistari mitatu: kwa nini Limbu aliacha kutambaa?