Pumzi ya Pikipiki: Kuipima Kabureta Baada ya Kubadili Ekzosi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya chombo kilichoenea siku hizi katika kila njia, mjini na shamba, yaani pikipiki. Sitasema habari ya kuiendesha. Nitasema jambo moja tu: yampasa mtu kufanya nini na kabureta yake akiisha kuliondoa bomba la moshi lililotoka kiwandani na kutia jingine alilolinunua dukani. Bomba hilo mafundi huliita ekzosi, nami nitaliita hivyo hivyo.

Jambo hili huenda likaonekana dogo, lakini nimeliona likimtia mtu hasarani. Pale Muheza, katika Mkoa wa Tanga, alikuwako kijana mmoja, jirani yangu, aliyekuwa akipakia machungwa kwa pikipiki na kuyapeleka Tanga mjini. Pikipiki yenyewe aliichukua kwa mkopo, na kila juma alilipa sehemu ya deni. Siku moja akanunua ekzosi fupi, yenye kung'aa na sauti kubwa. Akaifunga mwenyewe jioni, akafurahi. Kesho yake pikipiki ikaanza kutoa vishindo kama vya bunduki kila alipopunguza mafuta. Hakujali, alidhani kuwa ndiyo sauti ya nguvu. Siku ya tisa, akiwa na magunia mawili nyuma yake, na mkono wa mafuta umefunguliwa mpaka mwisho, nguvu zikapungua, injini ikakohoa, ikazima. Fundi alipoifungua, tuliona kichwa cha pistoni kimeyeyuka na kutoboka tundu la kuingia kidole.

"Shikamoo, mzee," akaniambia yule kijana. "Petroli ilikuwamo, na oili ilikuwamo. Kosa langu ni nini?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Umeipa pumzi, hukuipa chakula."

Maneno hayo ndiyo nitakayowafafanulia leo.

Injini ya petroli huvuta hewa na mafuta pamoja, kisha huvichoma. Ili petroli iungue yote pasipo kubaki hewa wala mafuta, kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 14.7. Kwa maneno mengine, lita 1 tu ya petroli huhitaji hewa yapata lita 9,000, nayo hujaza chumba kidogo chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 2, na kimo cha mita 2 na robo. Tazameni basi jinsi hewa ilivyo nyingi na mafuta yalivyo machache; kosa dogo katika kipimo cha mafuta huharibu mchanganyiko wote.

Kazi ya kupima hufanywa na kabureta. Namna ya kurusha mafuta kama tuijuavyo leo ilitengenezwa na Mjerumani Wilhelm Maybach mwaka 1893, na kanuni yake haijabadilika. Hewa hupita katika koo jembamba. Ikipita hapo huenda mbio, na kani yake hupungua. Ndipo petroli hufyonzwa kutoka katika bakuli lililo chini, ikapanda katika vitundu vidogo viitwavyo jeti, ikatawanyika kama manukato yatokavyo katika chupa ya kupulizia.

Sasa, ekzosi ya kiwanda ina vyumba na vizuizi ndani yake, navyo hupunguza sauti na kuuchelewesha moshi kidogo. Waliotengeneza pikipiki walizipima jeti zao kwa kufuata ekzosi hiyo. Ukitia ekzosi iliyo wazi zaidi, moshi hutoka upesi, mapigo ya hewa hubadilika, na aghalabu injini huvuta hewa nyingi kuliko kwanza, hali jeti ni zile zile. Hapo mchanganyiko huwa mwembamba, maana yake hewa imezidi na mafuta yamepungua. Na jueni ya kuwa petroli haileti moto tu. Ikigeuka mvuke, hupoza pia. Mafuta yakipungua injini ikiwa katika kazi nzito, valvu na pistoni hupata joto lisilo kiasi chake. Hayo ndiyo yaliyompata yule kijana.

Walakini si kila ekzosi huleta badiliko kubwa. Nyingine hubadili sauti, basi. Kwa hiyo pima kwanza, kisha ndipo utengeneze.

Dalili za mchanganyiko mwembamba ni hizi: vishindo katika ekzosi unapopunguza mafuta, injini kusitasita unapoongeza, joto kuzidi, na nguvu kukosekana mkono wa mafuta ukiwa wazi. Dalili za mchanganyiko mzito, yaani mafuta kuzidi, ni moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi kujaa masizi, na injini kuwa nzito kama mtu aliyeshiba kupita kiasi.

Kabla hujaigusa kabureta, hakikisha mambo manne. Kwanza, kiungo cha ekzosi na injini kisivujishe. Gasketi ikiwa mbovu, hewa huingia hapo na kuleta vishindo vile vile, nawe ukadhani kosa ni la kabureta. Paka maji ya sabuni kiungoni injini ikiwa baridi, kisha iwashe; ukiona mapovu, kinavuja. Pili, safisha kichujio cha hewa. Tatu, fundi apime nafasi za valvu. Nne, tia plagi njema ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Na ikiwa pikipiki yako ni ya namna mpya, yenye injekta badala ya kabureta, maneno yangu ya leo hayaihusu. Mpelekee fundi mwenye vyombo vyake.

Haya, sasa tuingie kazini. Chukua karatasi ya kunata, uibandike kwenye mkono wa mafuta, uitie alama nne: robo, nusu, robo tatu, na wazi kabisa. Alama hizi zitakuonyesha ni sehemu ipi ya kabureta inayotawala. Tangu mkono uliofungwa mpaka karibu na robo, jeti ndogo na skurubu yake ndizo zitawalazo. Tangu robo mpaka robo tatu, hutawala sindano. Kutoka robo tatu mpaka mwisho, hutawala jeti kubwa. Sehemu hizi huingiliana kidogo mipakani, lakini ukizijua hutapapasa gizani.

Anza na jeti kubwa, kwa kuwa ndiyo iokoayo pistoni. Tafuta barabara tupu iliyonyoka, injini ikiwa imepata moto. Fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho kwa gia ya tatu, kisha urudishe kidogo sana. Ikiwa pikipiki inavuta vizuri zaidi ulipourudisha, mafuta yalikuwa machache. Au vuta choki kidogo kwa nukta moja tu. Nguvu zikiongezeka, jibu ni lile lile. Basi nunua jeti iliyo kubwa kwa daraja moja. Namba huandikwa juu yake. Katika kabureta za viwanda vingine namba 100 maana yake ni tundu la milimita 1. Usipande daraja nyingi kwa pamoja. Tia moja, jaribu; tia ya pili, jaribu. Injini ikianza kuwa nzito na kutatarika mwishoni, umepita. Rudi nyuma daraja moja.

Hapa nawasihi jambo moja. Wako watu wapanuao tundu la jeti kwa waya au sindano ya kushonea. Msifanye hivyo kabisa! Tundu lililokwaruzwa halina kipimo tena, na hakuna ajuaye limekuwa namba gani. Hata kuisafisha jeti, tumieni upepo wa pampu.

Ikiisha jeti kubwa, itazame sindano. Juu yake mna mikato midogo, na klipu iliyoshika mmojawapo. Klipu ikishushwa mkato mmoja, sindano hupanda, na mafuta huongezeka. Klipu ikipandishwa, sindano hushuka, na mafuta hupungua. Jaribu pikipiki mkono ukiwa nusu. Ikisitasita na kukohoa, shusha klipu mkato mmoja tu. Katika kabureta nyingine sindano haina mikato. Hapo fundi hutia washa nyembamba chini ya kichwa chake ili kuiinua.

Mwisho, shughulika na mngurumo wa pikipiki ikiwa imesimama, ambao mafundi wengi huuita silensa. Ifunge skurubu ya mchanganyiko polepole mpaka ikome, ukihesabu mizunguko, uandike hesabu hiyo. Usiikaze kwa nguvu, maana ncha yake ni laini. Kisha irudishe ilipokuwa, washa injini ipate moto, uigeuze robo ya mzunguko kwa zamu, ukisikiliza. Mahali ambapo injini yanguruma upesi na kwa utulivu kuliko pengine, ndipo pake. Lakini angalieni: skurubu ikiwa upande wa kichujio cha hewa, huongoza hewa, na kuifunga huzidisha mafuta, ikiwa upande wa injini, huongoza mafuta, na kuifungua ndiko kuzidisha. Wengi wamekosea hapa wakaharibu zaidi.

Katika kazi yote hii fungeni bomba la petroli kabla ya kufungua bakuli la kabureta, mwage mafuta yake katika kopo, na mfanye kazi nje penye upepo. Mwenye sigara na akae mbali.

Ukitaka shahidi wa kazi yako, fungua plagi. Endesha kwa mkono wazi kwa muda mfupi, kisha shika klachi, uzime injini papo hapo, usimame kando ya njia. Ngoja ipoe, uitoe. Rangi ya hudhurungi hafifu ni heri. Nyeupe kama chokaa ni hatari. Nyeusi yenye masizi ni mafuta kuzidi. Wazee wetu waliisoma rangi hii kwa urahisi zaidi, kwa sababu petroli yao ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya namna hiyo kufikia mwaka 2006, na tangu hapo rangi huchelewa kuonekana. Kwa hiyo msiitegemee plagi peke yake. Sikilizeni injini pia.

Tena jambo la mahali. Tanga mjini ni pwani, na Lushoto iko juu milimani, yapata mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni pungufu kwa karibu sehemu 1 katika 8. Pikipiki iliyopimwa Tanga ikipanda Lushoto, mafuta huzidi, nayo huwa nzito, lakini haitaungua. Hatari ni kinyume chake: iliyopimwa Lushoto ikishuka pwani na mzigo mzito, mafuta huwa machache. Basi pima mahali unapofanyia kazi. Na ukiwa mtu wa kupanda na kushuka, pima pwani.

Na kanuni iliyo juu ya zote ni hii: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, jaribu, andika. Mtu abadiliye jeti na sindano na skurubu kwa saa moja, pikipiki ikipona hajui ni dawa ipi iliyoiponya, na ikiharibika hajui aondoe nini.

Na yule kijana wa Muheza? Alikopa tena akanunua pistoni mpya, akachongewa silinda. Juma tatu hakupakia hata chungwa moja, na mwenye mkopo hakungoja. Fundi akamtilia jeti kubwa iliyozidi kwa daraja mbili, na klipu akaishusha mkato mmoja. Vishindo vikakoma, plagi ikawa na rangi njema, pikipiki ikaenda bila kosa. Tukaenda pamoja kuijaribu kwenye barabara ya Tanga. Aliporudi nikamwuliza, "Nguvu imezidi kiasi gani?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, nikiwa na mzigo siioni tofauti. Bali mafuta inakula zaidi."

Jumamosi ile akaitafuta ekzosi ya zamani, iliyokuwa uvunguni mwa kitanda cha mama yake, akairudisha, na jeti zake za kwanza akazirudisha pamoja nayo. Ile yenye kung'aa akaiuza kwa nusu ya bei.

Siwaambii kwamba kila mtu afanye kama yeye. Ekzosi ya zamani ikioza kwa kutu, huna budi kununua nyingine, na pengine ya kiwanda haipatikani. Nawaambia hivi: ukiifungulia injini pumzi, uipimie na chakula chake siku hiyo hiyo, kabla hujaitia mzigo. Bei ya jeti ni ndogo sana. Bei ya pistoni mnaijua.