Dhamana Kubwa na Watoto Walio Rumande

Ndugu wanachama, akina mama na wazee mliotoka laini zote za Kericho na Bomet,

Leo hatusemi juu ya bei ya kilo. Twasema juu ya korti. Tuchukue mfano: mtoto ashikwa shambani na mzigo wa kuni, apelekwa kortini, na hakimu ataka dhamana ya shilingi 50,000. Sisi wachumaji tutazitoa wapi? Mama akiweka kando shilingi 500 kila wiki, asiguse hata senti, atazitimiza baada ya wiki 100. Mtoto wa tajiri, kwa kosa lile lile, atalala kwao usiku huo. Hicho ni kifungo kabla ya hukumu.

Dhamana si faini. Kazi yake ni kumrudisha mshtakiwa kortini siku ya kesi, na akifika kila aitwapo, pesa hurudishwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yataka masharti ya kadiri. Kifungu cha 53 chasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa muda mfupi kabisa na mbali na watu wazima. Na kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa jinai.

Kufungia watoto si jambo geni huku. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ikawapeleka Gwassi jamaa nzima, wazee kwa watoto. Walikaa huko mpaka 1962.

Basi mtoto akishikwa, msikimbilie kuuza ng'ombe. Nendeni kortini na cheti chake cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki, na karatasi yenu ya mshahara. Ombeni akabidhiwe mzazi. Semeni wazi mnapata kiasi gani kwa mwezi, maana wengi hupiga magoti wakalia tu, na machozi hayaandikwi katika faili. Hakimu akikataa, Mahakama Kuu, iliyopo Kericho na hata Bomet, ina uwezo wa kupunguza dhamana.

Mwenye mtoto aliye rumande sasa asiondoke. Abaki na karani, tuandike umri wa mtoto, namba ya kesi na tarehe ya kutajwa.